Viti vya Ngozi Vilivyochakaa Katika Gari la Kale: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Rangi

Viti vya ngozi vya gari lenye umri wa miaka arobaini au sitini haviharibiki kwa namna moja, wala haviponi kwa dawa moja. Kiti kilichopauka, kilichopasuka, kilichokauka na kilichozama vinaweza kuonekana sawa kwa mtu anayechungulia dirishani, ilhali kila kimoja kina chanzo chake, na dawa ya kimoja yaweza kukimaliza kingine. Mwongozo huu nauandika hasa kwa wenye aina mbili za magari ambazo nimezishughulikia kwa mikono yangu hapa Tanga: Mercedes-Benz za W123, zilizoanza kuuzwa mwaka 1976 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980, na Jaguar Mk 2, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1959 hadi 1967. Mengi ya humu yatamfaa pia mwenye Rover au Humber ya enzi hizo.

Kabla ya dalili yoyote, ni lazima kujua kiti kimejengwaje. Chini kuna fremu na springi, au mikanda ya mpira. Juu yake kuna mto. Juu ya mto kuna ngozi, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita moja na ushei. Ngozi nayo ina matabaka yake. Upande wa chini una nyuzi zilizolegea kama suede, ile ngozi yenye manyoya mafupi, na kadiri unavyopanda nyuzi hizo hukaza na kushikamana hadi kufikia uso wenye vitundu vya vinyweleo. Juu ya uso huo kiwanda kilipulizia rangi, na juu ya rangi kikapulizia tabaka jembamba la kinga lisilo na rangi. Karibu kila uharibifu mkubwa niliouona umetokana na mtu kutibu tabaka ambalo halikuumia: amepaka mafuta pale ambapo rangi ndiyo iliyotoka, au amepaka rangi pale ambapo mto ndio uliokufa. Kwa hiyo katika kila dalili itakayofuata swali ni lile lile, yaani ni tabaka lipi lililoshindwa.

Je, kiti chako ni cha ngozi kweli?

Swali hili haliwadharau wenye magari, kwa sababu kiwanda chenyewe ndicho kilichofanya kazi nzuri ya kufananisha. W123 nyingi ziliondoka kiwandani zikiwa na viti vya MB-Tex, ambayo ni aina ya reksini ngumu sana, na wengi wanaozirithi kwa baba zao huamini kwamba wana ngozi. Katika magari ya Kiingereza mambo yamechanganyika zaidi, kwani desturi ilikuwa kuweka ngozi pale tu mwili unapogusa, huku pembeni, nyuma ya viti na katika milango wakitumia reksini ya rangi ile ile. Matokeo yake ni kwamba baada ya miaka mingi sehemu mbili za kiti kimoja huzeeka kwa mwendo tofauti, na mwenye gari hushangaa kwa nini dawa imeshika katikati na imekataa pembeni.

Njia ya uhakika ni kutazama kwa nyuma. Ondoa kiti, geuza ukingo wa chini, na uangalie pale ambapo kifuniko kimebanwa kwenye fremu: ngozi ina nyuzi zilizosimama kama manyoya mafupi, na reksini ina kitambaa kilichofumwa. Wapo wanaopendekeza kuchoma kipande kwa kiberiti ili kunusa, lakini sioni sababu ya kuchoma kitu ambacho macho yanaweza kukitambua. Ikiwa ni reksini, sehemu kubwa ya yafuatayo haikuhusu, isipokuwa yale ya mto, mishono na unyevu.

Kiti kinang'aa, kinateleza na kimekuwa cheusi

Ngozi ya gari ilipotoka kiwandani haikuwa na mng'aro wa kioo. Ukiona mng'aro, hasa katikati ya kalio na mahali pa kupumzishia mkono, unachokiona ni uchafu: jasho, vumbi na mafuta ya mwili yaliyosuguliwa kwa miaka hadi yakawa kama vanishi. Tabaka lililoathirika ni la juu kabisa, na hii ndiyo habari njema kuliko zote, kwa sababu mara nyingi chini ya uchafu huo rangi ya asili bado ipo.

Kosa la kawaida ni kuchukua sabuni ya unga au ya mche na brashi ya nguo. Ngozi iliyotengenezwa vizuri ina uchachu kidogo, kwa kipimo cha pH (ambacho namba ikishuka uchachu huzidi) kati ya 3.5 na 5 hivi, wakati sabuni hizo hufika 9 au 10. Sabuni kali ikipenya kwenye mipasuko huharibu ile hali ambayo mtengenezaji wa ngozi aliifunga kwenye nyuzi, huondoa mafuta yaliyozilainisha, na ngozi inayokauka baada ya hapo huwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Tumia kisafishaji cha ngozi kisicho na ukali, au, kikikosekana, sabuni laini ya maji ya kuogea mtoto iliyochanganywa kwa wingi wa maji. Tengeneza povu kwenye sponji, paka povu hilo badala ya maji, sugua taratibu kwa brashi ya nywele laini katika eneo lisilozidi ukubwa wa sahani, kisha futa mara moja kwa kitambaa chenye unyevu kabla uchafu haujarudi vitunduni. Rudia hadi kitambaa kitoke safi. Kiti kimoja cha mbele cha W123 kiliwahi kunichukua saa tatu, na maji ya ndoo ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Pale penye vitundu vya hewa vilivyotobolewa kiwandani punguza maji zaidi, kwa kuwa kila tone linaloingia linakwenda kukaa kwenye mto.

Mto wa kichwa una tatizo lake la pekee, ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko Ulaya. Mafuta ya nywele hayakai juu. Huingia taratibu kwenye mipasuko isiyoonekana, huilainisha rangi kwa chini, na mwishowe doa jeusi haliondoki kwa kusafisha. Kwa doa la namna hiyo nyunyiza chokaa laini ya ubao iliyosagwa au wanga mkavu, acha usiku kucha ili uvute mafuta, futa, na urudie kwa siku kadhaa. Doa la zamani sana huenda lisiishe, lakini lisipopunguzwa kiasi cha kutosha hakuna rangi itakayoshika hapo. Madoa ya buluu ya jinzi na ya kanga mpya ambayo haijafuliwa ni kisa tofauti: hiyo ni rangi ya nguo iliyohamia kwenye tabaka la kinga, na ikishakaa muda mrefu dawa yake ni kupaka rangi upya juu, wala si kusugua hadi uufikie uso wa ngozi.

Rangi imetoka ukingoni, upande wa mlango

Dereva anapoingia na kutoka hujiburuza juu ya ukingo wa kiti, na huko ndiko rangi huisha kwanza. Ukiuona ukingo umepauka na kuonyesha rangi ya kijivu au ya mchanga, gusa kwa kidole. Ukihisi laini na unapinda bila kupasuka, basi lililoisha ni tabaka la rangi peke yake na ngozi ni nzima. Ukihisi manyoya kama ya suede, uso wenyewe umesuguliwa ukaisha, na kazi itakuwa ndefu zaidi.

Hapa panahitaji jaribio moja ambalo wengi huliruka. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 yalipakwa rangi yenye asili ya selulosi, ile ya jamii moja na rangi ya zamani ya bodi, na baadaye viwanda vikahamia rangi za maji zenye asili ya plastiki. Lowesha kona ya kitambaa cheupe kwa thina kidogo sana na uguse mahali palipofichika chini ya kiti. Rangi ikihamia kwenye kitambaa mara moja, ni ya selulosi. Jaribio hili lina maana mbili: kwanza, linakuonya usipitishe thina wala spiriti kali juu ya kiti kizima ukidhani unasafisha, kwa sababu utaisomba rangi yote; pili, linakuambia kama kuna mtu aliyekutangulia, maana gari la mwaka 1964 ambalo rangi yake haitikisiki kwa thina kwa hakika limepakwa upya na fundi mwingine.

Kwa ukarabati wenyewe mimi hutumia rangi ya ngozi ya maji, kwa sababu inakubali juu ya zote mbili ikiwa maandalizi yamefanywa, na haina moshi wa sumu ndani ya karakana. Maandalizi ndiyo kazi. Baada ya kusafisha, pitisha msasa namba 800 kwa mkono mwepesi ili kingo za rangi iliyobaki zisionekane kama ramani, kisha futa vumbi na uondoe mafuta kwa spiriti iliyopunguzwa na maji, haraka na bila kulowesha. Koti la kwanza lisukumwe ndani kwa sponji, jembamba kiasi kwamba bado unaona chini. Makoti yanayofuata yapuliziwe kwa bomba la rangi, kila moja likikauka kabisa kabla ya lingine. Makoti manne mepesi hukaa miaka. Mawili mazito hupasuka ndani ya msimu mmoja wa kaskazi. Malizia kwa koti la kinga, na chagua lisilong'aa, kwa kuwa kiti cha Jaguar kinachomeremeta kama sahani kinatangaza ukarabati wake toka mbali.

Kuhusu kupata rangi sahihi, usilinganishe na sehemu inayoonekana. Ngozi ya Mk 2, na ya Rolls-Royce pia, ilitoka kwa Connolly wa London, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1878, na wekundu au ukahawia wake uliopigwa na jua kwa miaka sitini si ule uliotoka kiwandani. Rangi ya kweli imejificha chini ya ukingo unaobanwa na fremu, au nyuma ya kiegemeo cha mkono. Hapo ndipo uchukue kipimo, kisha uamue kwa makusudi kama unataka rangi ya kiwandani kwa gari zima, au rangi iliyozeeka ili kiti kimoja kilingane na vingine ambavyo havijaguswa. Binafsi napendelea ya pili pale ambapo viti vitatu kati ya vinne bado vina heshima yao.

Mipasuko midogo kama tope lililokauka

Mipasuko ina aina mbili na ni lazima zitofautishwe kwa kioo cha kukuzia. Ile ya kwanza ni ya rangi tu: mistari myembamba, haina kina, na ukivuta ngozi kwa vidole viwili chini yake unaona uso mzima. Hii hutokana na rangi iliyokauka na kupoteza mnyumbuko, au na koti nene la fundi aliyepita. Dawa yake ni kuondoa koti hilo kwa msasa au kwa dawa ya kuvulia rangi, kisha kupaka upya kama nilivyoeleza.

Ile ya pili imeingia kwenye uso wa ngozi. Ukivuta, kingo zinafunguka na unaona nyuzi. Hapa nyuzi zenyewe zimekatika, na hakuna krimu yoyote duniani inayoziunganisha tena, hata kama kopo limeandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu. Kinachowezekana ni kuzishika zilizobaki na kujaza pengo. Baada ya kusafisha na kuondoa mafuta, paka gundi nyepesi ya maji ya ngozi, ile inayopenya kama maziwa, mara tatu au nne kwa sponji hadi ngozi iache kuinywa. Hii hushikamanisha nyuzi zilizolegea. Kisha jaza kwa filla laini ya ngozi, tabaka jembamba baada ya jembamba, ukilisawazisha kwa kisu butu na kulipitisha msasa namba 400 kisha 600. Filla ya bodi ya gari haifai kabisa, wala gundi ya papo kwa papo, kwa sababu zote mbili hukauka zikawa mawe, na ngozi inayopinda pembeni mwa jiwe hupasuka mstari mpya karibu na ule wa zamani.

Pasuko likipita hadi ng'ambo ya pili, filla peke yake haitoshi. Ingiza kipande cha turubai jembamba au cha ngozi nyembamba kwa chini, kikubwa kuliko tundu kwa sentimita mbili kila upande, kigandishe kwa gundi inayobaki laini, kisha ndipo ujaze juu. Pasuko lililo kwenye mshono au kwenye mkunjo wa kukalia halitadumu kwa njia hii, na ni heri kubadilisha kipande kizima.

Ngozi imekuwa ngumu kama ubao

Hii ndiyo dalili inayonihuzunisha kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi imesababishwa na mapenzi. Gari lililoegeshwa juani huku kwetu hupata joto ndani linaloweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na sehemu ya juu ya kiti cha nyuma, iliyo chini kabisa ya kioo, hupata zaidi ya hapo. Joto hilo huhamisha mafuta yaliyotiwa ndani ya ngozi wakati wa kuitengeneza na kukausha unyevu wake wa kawaida. Nyuzi hukaribiana, hugandana, na ngozi husinyaa. Ndipo mwenye gari anapoleta mafuta.

Nilifanya hivyo nami. Nilikuwa na W123 aina ya 230E ya mwaka 1983 yenye ngozi halisi, na kwa ushauri wa watu wazima niliowaamini niliipaka mafuta ya nazi kila wiki kwa mwezi mzima. Ngozi haikulainika. Mafuta yalikaa juu ya rangi, yakashika vumbi, yakaanza kunuka, na mahali pa mipasuko yalipenya na kuifanya rangi ibanduke pembeni. Baadaye nilielewa kwamba rangi na koti la kinga vimewekwa hapo kuzuia vitu visiingie, na haviwezi kuzuia soda iliyomwagika na wakati huohuo kuruhusu mafuta yapite. Dawa ya viatu na mafuta ya mgando hayana tofauti na hayo. Ngozi iliyopakwa rangi hailishwi kwa juu.

Ikiwa kweli imekauka, kuna njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuvua rangi yote ya sehemu ngumu, kisha kupaka kilainishi cha ngozi cha maji, mara nyingi na kidogo kidogo kwa siku kadhaa, huku kila siku ukiikanda kwa vidole, na baada ya kukauka kupaka rangi upya. Ya pili, ambayo ni bora kama kifuniko kinatoka, ni kukiondoa kwenye kiti na kupaka kilainishi hicho kwa upande wa nyuma, ambako hakuna rangi inayozuia. Usiharakishe kukausha kwa kipulizia joto wala kwa jua la mchana, kwa sababu ngozi yenye maji husinyaa kwa joto la chini sana kuliko ngozi kavu, na ikishasinyaa kwa njia hiyo imekuwa kitu kingine.

Kabla ya kuanza, jaribu uhai wake. Tafuta ncha iliyofichika, ipinde kwa digrii 180 na uivute. Ikikatika kama karatasi ya mfuko wa sementi, au ikiacha unga mwekundu mikononi, nyuzi zimeoza na hakuna cha kulainisha. Unga huo mwekundu hujitokeza zaidi kwenye ngozi za kale zilizotengenezwa kwa magome ya miti, na hautibiki. Kinachobaki ni kukitumia kifuniko kama kielelezo cha kukatia kipya.

Ukungu na harufu

Pwani, ambako unyevu wa hewa hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, ukungu ni jambo la kutarajiwa katika gari lisilotembea. Madoa meupe au ya kijani yanayofutika kwa kidole yako juu tu. Yafute kwa kitambaa kikavu nje ya gari ili mbegu zake zisitawanyike ndani, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti iliyopunguzwa na maji, baada ya kulijaribu koti la rangi kama nilivyosema. Yakirudi baada ya wiki mbili, chanzo si ngozi. Inua mazulia. Katika W123 na Mk 2 kadhalika, maji ya masika hupenya kwenye mpira wa kioo cha mbele uliokauka, au kwenye milango ambayo mashimo yake ya chini ya kutolea maji yameziba, na hukaa chini ya zulia bila kuonekana huku mvuke wake ukipanda kwenye viti. Nimeona mtu akipaka rangi viti vyote vinne mara mbili kabla ya kugundua kwamba sakafu yake ilikuwa kisima.

Gari lisilotumika lifunguliwe madirisha kivulini mara kwa mara. Kifuniko cha plastiki kinachofunika gari zima hufungia unyevu ndani. Kitambaa kinachopumua ni afadhali.

Mishono imefumuka lakini ngozi ni nzima

Uzi wa pamba wa magari ya miaka ya 1950 na 1960 huoza kabla ya ngozi. Usiruhusu fundi apitishe cherehani upya juu ya mstari ule ule bila uangalifu, kwa maana kila tundu jipya kati ya matundu ya zamani huifanya ngozi iwe kama stempu, tayari kuchanika. Shona kwa mkono kwa sindano iliyopinda, ukipita katika matundu yale yale, kwa uzi wa nailoni au poliesta wa unene unaoitwa Tex 70. Uzi mnene kuliko huo unaonekana imara dukani, lakini ukivutwa huikata ngozi ya zamani kama waya unavyokata sabuni.

Ngozi imelegea na kujikunja, kiti kimezama

Wengi wanapoona mikunjo mikubwa wanadhani ngozi imetanuka. Imetanuka kidogo, ni kweli, lakini kwa kawaida kilichobadilika ni kilicho chini yake. Piga magoti, uangalie sakafu chini ya kiti cha dereva. Katika W123 ukikuta unga wa kahawia na vipande vya nyuzi, huo ni mto wenyewe unaomwagika: ulitengenezwa kwa nywele za wanyama na makumbi ya nazi yaliyopuliziwa mpira, na mpira huo ukishakauka nyuzi huachana. Mara nyingi utakuta pia springi moja au mbili zimevunjika upande wa mlango, ndiyo maana dereva anaegemea nje bila kujijua. Katika magari ya Kiingereza ya miaka ile mto ulikuwa wa povu la mpira, ambalo kwa joto na hewa hukauka, hupasuka na kugeuka unga wa manjano, na mikanda ya mpira iliyo chini yake hulegea kama mkanda wa suruali ya zamani.

Kutibu ngozi ya kiti cha namna hii bila kugusa mto ni kazi ya bure, kwa sababu ngozi isiyo na kitu cha kuishikilia hupinda mahali pale pale kila dereva anapokaa, na filla bora kuliko zote itapasuka kwenye mkunjo huo. Kwa hiyo panga kazi kinyume na hamu yako: kwanza springi na mikanda, pili mto, tatu mishono, na rangi iwe ya mwisho. Mafundi wengi watakushauri ujaze sponji ya sofa. Sponji hiyo huketisha vizuri siku ya kwanza, lakini ikiwa nyepesi huzama ndani ya mwaka, na ikiwa nzito na nene mno huivuta ngozi ya zamani hadi mishono ifumuke. Kwa W123 mito mipya ya makumbi bado inapatikana kwa kuagiza, na naona gharama yake ni halali. Ukilazimika kuikarabati ya zamani, funika springi kwa gunia zito kwanza ili zisitafune mto kwa chini, kisha jazia sehemu zilizooza peke yake kwa nyuzi za makumbi zilizoshikwa kwa gundi ya mpira. Kifuniko kinaporudishwa kwenye kiti, kipashe joto kidogo kwa kukianika kivulini mahali penye hewa ya moto, ukivute pole pole kutoka katikati kwenda pembeni, na vipete vya waya vinavyokishika ubadilishe vyote, kwa kuwa vya zamani vina kutu inayokata ngozi.

Rangi mpya inabanduka kama ngozi ya nyoka

Ikiwa kiti kilipakwa rangi mwaka jana na sasa kinabanduka kwa vipande, tatizo liko katikati ya rangi mpya na ya zamani. Mshukiwa wa kwanza ni silikoni iliyomo katika dawa nyingi za kung'arisha dashibodi na matairi, ambazo waosha magari hupuliza kila mahali bila kuuliza. Dalili yake wakati wa kupaka ni rangi kujikusanya na kuacha vitundu vidogo vya mviringo kama macho ya samaki. Ukiyaona macho hayo simama papo hapo, futa rangi ikiwa bado mbichi, uondoe mafuta mara mbili zaidi, na uanze tena. Kuongeza koti juu yake kunahamisha tatizo hadi mwezi ujao. Mshukiwa wa pili ni mafuta au nta ya miaka ya nyuma. Wa tatu ni haraka: koti lililofunikwa kabla halijakauka, hasa wakati wa vuli ambapo hewa yenyewe imejaa maji. Katika hali zote tatu rangi inayobanduka ivuliwe yote katika kipande hicho, kutoka mshono hadi mshono, kwa kuwa kiraka katikati ya kipande hakifichiki.

Rangi inayonata bila kubanduka ni jambo jingine: ama kilainishi kiliwekwa kwa wingi na bado kinapanda kutoka chini, ama koti la kinga halikuwekwa kabisa. Acha kiti wiki mbili mahali penye hewa, kifute kila siku mbili, na ikibaki inanata ndipo uweke kinga.

Kubadilisha kipande kimoja

Pale ngozi inapochanika kama karatasi, badilisha kipande na si kiti kizima. Ngozi nzima ya ng'ombe kwa ajili ya magari ina mita za mraba 4 hadi 5, na sehemu zake hazilingani: ya mgongoni ina nyuzi zilizokaza na hainyooki ovyo, ya tumboni na kwenye makwapa hutanuka na kujikunja upesi. Kipande cha kukalia kikatwe mgongoni. Vya pembeni vinaweza kutoka kwingine. Fumua kile cha zamani taratibu bila kukivuta, kilaze kwenye karatasi, weka alama za kila mahali mishono inapokutana, kisha kata kipya kwa kufuata umbo hilo ukipunguza milimita chache pale ambapo kile cha zamani kilitanuka kwa kukaliwa. Kabla ya kukishona, chuna nyama ya nyuma kwenye kingo ili mshono ukunjike bila uvimbe, na upake rangi kipande kipya pamoja na majirani zake wawili kwa siku moja, kutoka kopo moja.

Wiki ya kwanza usikikalie kwa suruali ya jinzi.